Mfuko wa Mia Mbili

"Nyanya za mia tano, kaka."

Nikamtolea fungu. Pale soko la Uyole, Mbeya, kifuku kikiwa kimekolea, fungu la mia tano ni nyanya sita, zikiwa ndogo saba, na ukitaka mteja arudi kesho unamwongezea moja ya juu. Nikaongeza. Dada akaangalia mikono yake: mmoja una simu na noti, mwingine umemshika mtoto.

"Nitilie kwenye mfuko basi."

"Mfuko mia mbili, dada."

Akanitazama kama nimemtukania ukoo. "Nyanya mia tano, mfuko mia mbili? Kwani na huo mfuko nao nauunga?"

Wa meza ya kulia akacheka. Wa meza ya kushoto hakucheka, alifanya biashara: alichomoa kifuko cheupe kile chepesi, akakipuliza mdomo ukafunguka, akasema, "Njoo huku mdogo wangu, mimi natia bure." Dada akaziacha nyanya zangu zikiwa zimeshapangwa, akaenda. Ya juu niliyomwongezea ikabingirika ikaanguka matopeni.

Hapo nilikuwa na siku ya pili tu sokoni. Mama alikuwa ameteleza kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, akavunjika mguu, na mimi, mtoto wa ofisini, nikaomba likizo ya wiki tatu nikae kwenye meza yake isije ikachukuliwa na mtu mwingine. Nilijiona naweza. Nimesomea hesabu, nalipwa kwa kushika vitabu vya watu. Kumbe meza ya nyanya ina hesabu zake, na ndani ya hesabu hizo kuna kitu kimoja ambacho nilikuwa nimekiandikia maneno mengi mtandaoni bila kukijua: mfuko.

Jioni nilipomsimulia, mama alicheka mpaka akashika mguu. "Wewe ulimwambia bei ya mfuko kabla hajatoa hela?"

"Sasa nimwambie lini?"

"Mwanangu, unasoma mno."

*

Nirudi nyuma kidogo, kwa wale waliokuwa wadogo.

Kabla ya Juni 2019 mfuko haukuwa na bei. Ulikuwa kama chenji ya heshima. Ukinunua wembe dukani unawekewa kwenye rambo, yaani mfuko wa plastiki. Ukinunua mkate, ambao tayari umekuja kwenye nailoni yake, unawekewa kwenye rambo. Nyama inatiwa kifuko kimoja, kwa sababu inavuja kinaongezwa cha pili, halafu kwa sababu watu wasijue umenunua nusu kilo, cha tatu cheusi juu. Nyumbani rambo zilikuwa na maisha marefu: kofia ya mvua, soksi ndani ya buti la shamba, kizibo cha kidumu cha mafuta, na asubuhi za Juni baridi inapouma, kipande cha rambo ndicho kilichowasha mkaa. Nimekua nikiamini harufu ya asubuhi ni nailoni inayoungua.

Zilizobaki zilikwenda zilikotaka. Agosti upepo unapoanza, vichaka vya pembeni mwa barabara kuu vilichanua mifuko, myeusi na ya bluu. Mitaro ya Mwanjelwa ilijaa, na mvua ya kwanza ya Novemba ikija maji yalipita kwenye maduka kwa sababu kwenye mtaro hapakuwa na nafasi. Babu yangu mdogo kule Tukuyu alichinja ng'ombe aliyekuwa hanenepi, tukakuta tumboni donge la nailoni la ukubwa wa kichwa cha mtoto, limekaza kama mpira wa makaratasi tuliokuwa tunacheza. Sikula nyama ile.

Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni tarehe 31 Mei. Wenzetu walikuwa wametutangulia: Rwanda tangu 2008, Kenya Agosti 2017, na Zanzibar walikuwa wameshaanza kuibana mifuko miaka mingi kabla yetu wa Bara. Kanuni zikatoka, na adhabu zake zikapita kwenye makundi ya simu kama msiba. Ukikutwa unao au unautumia, faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000 au siku 7 jela. Ukiuza, laki moja hadi laki tano au miezi mitatu. Kiwanda au mwingizaji, kuanzia milioni 20 hadi bilioni 1 au miaka miwili. Watu wakapeleka marambo yao kwenye ofisi za serikali za mitaa wakiwa wameyakunja vizuri, kama wanarudisha sare za shule.

Tarehe 1 Juni nilikwenda Sokomatola makusudi kuangalia. Nilitarajia vurugu. Nilikuta watu wamebeba vikapu vya bibi zao, ndoo, masufuria, hata begi la laptop limejaa mchicha. Mzee mmoja alikuwa amekunja koti akaweka viazi. Na kwenye kila mlango wa soko vijana, wale wale waliokuwa wakiuza soksi na chaja, sasa wana mafurushi ya mifuko mipya ya kitambaa kitambaa, rangi zote. "Mbadala! Mbadala! Mia mbili, mia tano, buku!"

Hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea na sikuliona. Wote tulikuwa tunaongea marufuku, kumbe siku ile mfuko ulipata bei. Hakuna waziri aliyetangaza kwamba mteja atalipia mfuko, hakuna kanuni iliyosema mia mbili. Bei iliingia kwa mlango wa nyuma, mikononi mwa vijana wa soksi.

*

Naomba niwe mkweli kuhusu nafsi yangu. Faini ya laki mbili haikunitisha hata siku moja. Siku 7 jela hazikunitisha. Nilijua kama unavyojua wewe kwamba hakuna mtu atakayesimama Mafiati akague mikono ya watu mji mzima. Kilichonibadilisha ni ile mia mbili.

Mara ya kwanza nililipa bila kufikiri. Ya pili vile vile. Ya sita nikawa nimesimama mbele ya kijana, mkono uko mfukoni, nikakumbuka kwamba nyuma ya mlango wangu kuna mifuko mitano imening'inia kwenye msumari. Nikajisikia mjinga. Si kwa sababu ya mia mbili, mia mbili naitupa kila siku kwenye karanga. Ni kwa sababu niliulizwa. "Una mfuko, bro?" Swali lenyewe ndilo linalouma. Mfuko wa bure haukuulizi kitu, unajikuta umeushika. Mfuko wa mia mbili unakusimamisha kidogo, na katika kusimama huko mtu anakumbuka msumari wake.

Kabla sijakomaa nilijaribu ujanja. Nilisema nitakuwa natumia mifuko ya khaki, maana ni ya karatasi na maduka mengine walikuwa wanaitoa bado. Ilikuwa Machi. Nilinunua parachichi kumi, zile kubwa za Rungwe, na kilo mbili za viazi, nikapanda daladala ya Kabwe mvua ikiwa inanyunya tu. Kushuka Kabwe ilikuwa imeacha kunyunya, ilikuwa inamwaga. Hatua kama ishirini hivi, nikasikia mfuko umekuwa mwepesi. Nilishika mpini wa karatasi peke yake, kama mtu aliyeng'oa kitasa cha mlango. Parachichi zilishuka na maji kuelekea mtaroni, konda anapiga kelele "Parachichi zinasafiri!", na bodaboda mmoja akaiokota moja, akaifuta kwenye koti, akaitia mfukoni, akanipungia mkono. Viazi vitatu nilivipata. Tangu hapo khaki naziheshimu kiangazi tu.

*

Kuna nchi ambazo hazikupiga marufuku kwanza, ziliweka bei tu. Naona tunaweza kujifunza kwao kitu, ingawa si kile ambacho watu wengi wanakisema.

Ireland, Machi 2002, waliamua kila mfuko wa plastiki unaotolewa dukani utozwe senti 15 za euro. Inakadiriwa kila mtu alikuwa anatumia mifuko 328 kwa mwaka, ikashuka hadi 21. Walipoona imeanza kupanda tena, mwaka 2007 wakaongeza tozo hadi senti 22. Fedha ikaenda kwenye mfuko wa mazingira, yaani mfuko ukawa unalisha mfuko. Lakini la kunyanyua hapo ni jingine: muuzaji haruhusiwi kuimeza ile tozo. Lazima mteja ailipe, na lazima ionekane kwenye risiti kama kitu kinachojitegemea, kama mkate, kama sabuni.

Uingereza walichelewa. Wales walianza 2011, England wakaanza Oktoba 2015 kwa senti 5 za pauni. Mwaka mmoja kabla, maduka makubwa saba ya England yalikuwa yametoa mifuko bilioni 7.6, kama mifuko 140 kwa kila mtu. Miaka iliyofuata ikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Kwa senti tano! Mtu ana kapu la pauni 20, mfuko ni sehemu ndogo kiasi kwamba ukimdondokea hatainama kuuokota, na bado alikataa kuulipia akaanza kutembea na mfuko wake.

Sasa linganisha na meza ya mama. Mia mbili kwenye nyanya za mia tano ni sehemu mbili kati ya tano. Ni kama umwambie Mwingereza mwenye kapu la pauni 20 kwamba mfuko ni pauni 8. Kwa hesabu ya darasani, sisi ndio tungeacha mifuko haraka kuliko wote duniani. Mbona basi yule dada hakuchukua nyanya mkononi, hakurudi na kikapu, alihamia meza ya kushoto?

Jibu nililipata kwa kuangalia kitu walichokifanya England mwanzoni. Walipoanza 2015, sheria iliwashika wenye maduka ya wafanyakazi kuanzia 250 tu. Maduka madogo yaliachwa, kwa huruma, yasielemewe. Mei 2021 wakabadilisha: kila duka, hata la mtu mmoja, na bei ikapanda hadi senti 10. Mwenye duka dogo aliyeachwa nje ya sheria ndiye aliyebaki anabishana na mteja. Wa duka kubwa alikuwa na la kusema: si mimi, ni sheria. Wa duka dogo akisema senti tano, ni yeye, ni uchoyo wake.

Mimi pale Uyole nilikuwa yule wa duka dogo.

*

Hivi vifuko vyeupe vya kupuliza, tuvizungumzie, maana ndiyo rambo iliyofufuka na kubadilisha shati.

Kanuni za 2019 ziliacha plastiki ya kufungashia: dawa, vyakula vya viwandani, kilimo, ujenzi, usafi. Lazima ziache, huwezi kufunga maziwa ya Njombe kwenye khaki. Hata miche ya misonobari kule Mufindi inakua kwenye viriba vya nailoni, na hivyo navyo havikuguswa na marufuku. Lakini mlango huo ulipoachwa wazi, viliingia vifuko laini, vyeupe, visivyo na mshikio, vikiitwa vifungashio. Kisheria ni vya kufungia bidhaa kiwandani. Sokoni vinabeba vitunguu, samaki, mchele, chips mayai. Mwaka 2021 serikali ikarudi ikasema wazi: kifungashio si kibebeo. Maneno mazuri, yanapendeza hata kuyatamka. Kwenye meza hayakufika.

Nilifanya hesabu siku ya tano, usiku, kwenye daftari la mama lenye picha ya Mlima Kilimanjaro. Tenga la nyanya, mara nyingine zinatoka mpaka Ilula kule Iringa, nililinunua 28,000. Likigawanywa linatoa mafungu 80 ya mia tano, yaani 40,000. Toa zilizopondeka na kuoza, mafungu sita, 3,000. Toa ushuru na mbebaji, 1,500. Inabaki 7,500, na hiyo ndiyo siku nzima ya mtu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

Kile kifuko cheupe kwa jumla kinaangukia shilingi 20. Mafungu 74 mara 20, ni 1,480. Yaani karibu sehemu ya tano ya faida ya mama inaondoka na vifuko anavyotoa "bure". Nilipoona namba hiyo nilikaa kimya muda. Miaka yote mama anasema biashara hailipi, mimi namwambia aandike mahesabu. Mahesabu nimeyaandika, yakaonyesha kwamba anawanunulia mifuko watu waliomzidi kipato. Na angetoa bure huo mbadala wa mia mbili, ambao kwa jumla ulikuwa 150, angemaliza siku akiwa na deni la 3,600.

Kwa hiyo nikapata wazo la mtu aliyesoma. Kwenye mstari wetu kulikuwa na meza sita za nyanya na vitunguu. Nikawaita akina mama saa ya chai, nikawaamkia, nikanunua maandazi, nikawaeleza. Tukubaliane sote sita: hakuna kifuko cha bure. Mwenye mfuko wake anawekewa, asiye nao ananunua mia mbili kwa yeyote kati yetu. Kila mmoja anaokoa zaidi ya elfu moja kwa siku, kwa mwezi ni ada ya mtoto hiyo. Wakaelewa upesi kuliko nilivyotarajia. Wa meza ya kushoto, yule yule aliyenichukulia mteja, ndiye aliyesema, "Hili tulipaswa kulifanya zamani."

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri hata nikajivuna. Wateja walilalamika, walizunguka meza zote sita, wakakuta wimbo ni mmoja, wakarudi. Wengine wakanunua mbadala. Wengine, na hawa ndio walionifurahisha, walitia nyanya kwenye kanga, kwenye mkoba, kwenye kofia ya pikipiki. Bibi mmoja alivua mtandio wake, akafungia vitunguu, akauweka kichwani, akaenda zake amenyooka. Kijana wa bajaji alisema kuanzia leo anaweka kiroba chini ya kiti. Siku ya pili watu watatu walikuja na mifuko yao. Siku ya tatu nikawahesabu: tisa.

Siku ya nne mvua ilinyesha tangu asubuhi, soko lilipwaya. Saa nane mchana mama mmoja wa mwisho wa mstari, nyanya zake zikiwa zimeanza kulegea, alichomoa kifuko cheupe chini ya meza. Hakupuliza, alikifungua taratibu kwa vidole ili tusisikie. Mteja wake alipopita mbele yetu na fungu lake ndani ya kile kifuko kinachoonyesha kila kitu, hakuna aliyesema neno. Saa tisa vifuko vilikuwa vimerudi kwenye meza zote. Na kwangu pia, nisijitoe.

Sikumlaumu na simlaumu leo. Nyanya haisubiri maadili. Lakini ndipo nilipoelewa kile kifungu cha Ireland cha muuzaji kutoruhusiwa kuimeza tozo. Nilikuwa naona ni ukali kwa muuzaji, kumbe ni ngao yake. Kinachomvunja mama wa mezani si mteja asiyetaka kulipa, ni jirani anayeweza kutoa bure. Ukimfungia jirani huo uwezo, umemfungulia yeye mdomo wa kusema mia mbili bila kuonekana mchoyo. Sisi ni watu wa lumbesa, lile gunia la mazao linalojazwa kupita kipimo, tunajua mchezo huu vizuri: sheria ya vipimo ipo, kila mkulima wa viazi anaichukia lumbesa, na gunia bado linavishwa kilemba, kwa sababu atakayekataa peke yake mnunuzi anampita anakwenda kwa wa pili.

Watu wa ukaguzi walikuja mara moja katika wiki zangu tatu. Walichukua bunda la vifuko kwenye meza mbili na wakaondoka na onyo. Duka la jumla vinakouzwa kwa mabunda liko hatua chache kutoka hapo, na asubuhi iliyofuata lilikuwa wazi.

*

Kuna jambo la mfuko mbadala wenyewe. Wengi wetu tunauita wa kitambaa. Si kitambaa. Ule wa bei rahisi ni nyuzi za plastiki zilizobanwa pamoja, ndugu wa damu wa salfeti ya sukari. Ukiuweka juani miezi kadhaa unaanza kupukutika kama mba. Ndiyo maana serikali ikaweka kiwango, usiwe chini ya gramu 70 kwa mita moja ya mraba na uwe na jina la aliyeutengeneza, ili uwe mzito wa kutosha kurudi sokoni mara nyingi. Ukishika ule wa mia mbili wa siku hizi utajua mwenyewe kwa vidole kama umefika. Mimi nimebeba mmoja ambao mshikio wake ulibaki mkononi kabla sijatoka kwa aliyeniuzia.

Na hapa bei ina hatari yake pia. Afrika Kusini waliweka bei kwenye mifuko mwaka 2003, matumizi yakashuka sana, halafu wenye maduka wakaishusha bei, watu wakaizoea, matumizi yakapanda tena. Nikiangalia msumari wangu nyuma ya mlango naona Afrika Kusini ndogo. Mifuko mitano imekuwa kumi na saba. Mia mbili ilinishitua mwaka 2019, leo vitu vyote vimepanda na yenyewe imebaki mia mbili, imekuwa kama nauli ya kusahau.

Pasaka iliyopita nilikwenda Kalenga, kule Iringa, kumsalimia shangazi. Yeye anasuka vikapu, vile vya milulu ambavyo watalii wanavipenda. Milulu wanaikata majimajini, wanaianika, halafu kazi yote ni vidole, siku baada ya siku, mpaka kikapu kinakaza hivi kwamba zamani vilichujia pombe. Nilimwomba anisukie kimoja cha sokoni, chenye mshikio mrefu. Akaniuliza cha nani.

"Changu, shangazi."

"Cha mkeo?"

"Changu mwenyewe. Cha kwenda nacho sokoni."

Aliniangalia, akamwangalia binti yake, wakacheka kwa Kihehe muda mrefu kiasi kwamba nilijua nimetafsiriwa vibaya. Lakini alikisuka. Nimetembea nacho Mbeya mjini, na nakwambia ukiwa mwanaume wa miaka arobaini mwenye kikapu begani, mji mzima unakusalimia. Wauza nyama wananiita mjomba wa harusi. Nimeona pia kwamba nikifika na kikapu hakuna anayeniuliza kama nina mfuko, na wengine wananiongezea kitunguu cha juu, nadhani kwa huruma.

*

Mama alirudi mezani mwishoni mwa wiki ya tatu, akitembelea gongo. Nilikuwa nimebakiza siku mbili za likizo, nikakaa nyuma yake kumbebea matenga. Nilitaka kuona atafanyaje na vifuko, maana nilikuwa nimemwonyesha daftari, ile 1,480 nimeizungushia duara jekundu. Alilitazama, akasema "Mh", akalifunga.

Akaja dada. Si mwingine, yule yule wa mtoto na simu. Hakunitambua, au alijifanya.

"Ugonile, mama. Umepona?"

"Ndaga, mwanangu. Mguu unakuja. Mtoto amekua huyu."

Nyanya za mia tano. Mama akahesabu sita, akaongeza ya juu, akaipa mkononi mwa mtoto. Wakaongea habari za bei ya mchele wa Kyela, za mume wa dada aliyekwenda Tunduma. Dada akatoa noti, mama akaitia kwenye kanga, akafunga fundo. Ndipo dada akasema, "Nitilie basi kwenye mfuko."

Mama akanyanyua uso. "Ule wa kijani uko wapi?"

"Upi, mama?"

"Nilikuuzia kabla sijavunjika. Ijumaa. Ulikuwa na dada yako, mlinunua na bamia."

Dada akakaa kimya. "Uko nyumbani."

"Umetundikwa?"

"Umetundikwa."

"Basi leo zishike mkononi, ni sita tu. Jumamosi uje nao, nitakuongezea mbili."

Dada akacheka, akazipanga nyanya kwenye mkunjo wa mbeleko mgongoni kwa mtoto, moja baada ya nyingine. Wa meza ya kushoto alikuwa ameshachomoa kifuko chake, amekipuliza, amekishika hewani.